Dar hadi Guangzhou: kilomita ngapi, muda gani angani, na kwa nini tiketi inatuchanganya

Mpwani Halisi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita mama yangu mdogo aliachwa na ndege ya kwenda Guangzhou, na si kwamba tulikwama foleni ya Tazara. Tulifika Teminali 3 saa tatu usiku wa Alhamisi, begi limezungushiwa nailoni, mfuko wa korosho za zawadi mkononi. Dada wa mlangoni akasoma tiketi, akatazama tarehe kwenye simu yake, akairudia tiketi. Akasema kwa upole: "Mama, ndege hii imeshaondoka. Iliondoka usiku wa kuamkia leo."

Tiketi ilisema Alhamisi, 00:40. Aliyetukatia alituandikia kwenye karatasi "Alhamisi, saa 6:40 usiku". Hakudanganya. Ila sisi tukisikia Alhamisi usiku, tunaelewa kuwa Alhamisi ipite, watu wale chakula, ndipo tuondoke. Ilitakiwa aandike "Jumatano usiku kuamkia Alhamisi". Cha kuuma ni kwamba bibi yangu asingekosea. Wazee walihesabu siku kuanzia magharibi, na kwao usiku wa Alhamisi ndio huo unaotangulia mchana wa Alhamisi. Sisi tumeshaiacha hesabu yao, na ya saa 24 bado haijatukaa.

Mama mdogo ana duka la mapazia Kariakoo na hii ilikuwa safari yake ya kwanza kwenda kununua mwenyewe. Alilipa faini ya kubadilisha tiketi pamoja na tofauti ya nauli. Hakulalamika. Aliketi kwenye kiti cha nyuma cha Bajaji njia nzima mpaka Temeke, kimya.

Tangu siku hiyo nimekaa na jambo hili mpaka nilielewe. Naweka hapa nilichokipata, mnisahihishe.

Kwanza umbali. Mwanangu wa darasa la sita ana tufe la dunia lenye kipenyo cha sentimita 30. Nilichukua uzi mweusi kwenye kikapu cha cherehani, nikabana ncha moja Dar na nyingine Guangzhou, nikauvuta hadi ukakaza. Uzi haukupita nilikodhani. Nilitegemea ukate katikati ya bahari tupu, uende kutokea Indonesia. Wenyewe ulivuka ikweta kaskazini mwa Ushelisheli, ukaingia kusini mwa India pale Kerala, ukatokea upande wa Chennai, ukavuka Ghuba ya Bengal, ukakata Myanmar, ukapita jirani kabisa na Hanoi, ndipo ukafika. Kwa rula ni sentimita 20 na nusu. Mzunguko wa tufe hilo ni sentimita 94 na wa dunia ni kilomita 40,000, kwa hiyo kila sentimita moja ni kama kilomita 425. Zidisha, unapata kilomita 8,700 na kidogo. Baadaye nikapiga hesabu kamili kwa latitudo na longitudo: 8,710. Uzi wa kushonea ulikosea kwa umbali usiofika wa Posta hadi Kimara.

Pili, muda wa angani. Ndege kubwa kama Boeing 787 za Air Tanzania (ATCL) zikishatulia juu huenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya, unapata saa 9 na dakika 40. Ongeza kupaa, kushuka na kutembea kwenye lami, inakuja kama saa 10 na nusu kwa ndege isiyotua njiani.

Tatu, na hapa ndipo watu wengi tunapotea: kila muda kwenye tiketi ni wa mji husika. China iko mbele yetu kwa saa 5, mwaka mzima, maana sisi na wao hatusogezi saa kwa majira. Chukua mfano. Unaondoka Dar 15:00, unafika Guangzhou 06:40 kesho yake. Ukitoa kwa macho unaona saa 15 na dakika 40, unaogopa. Rudisha ile 06:40 nyuma kwa saa 5: kwa saa ya Dar ni 01:40. Safari ni saa 10 na dakika 40. Kurudi ni kinyume. Unaondoka Guangzhou 09:00, unafika Dar 15:30, unasema nimetumia saa 6 na nusu tu, mbona wakati wa kwenda ilikuwa ndefu? Ile 09:00 ya kwao kwetu ni 04:00 alfajiri. Umesafiri saa 11 na nusu.

Kwa hiyo kabla hujatoa, geuza muda wote uwe wa mji mmoja. Nimemaliza, karibuni.

Mama Mapazia

Pole sana kaka, na umpe mama pole zangu. Hilo la 00:40 limeliza wengi. Mimi naenda kila mwaka, na kosa langu la kwanza lilikuwa la aina nyingine: nilikata tiketi ya bei nafuu bila kuangalia muda wa kusubiri ndege ya pili. Saa 14, kaka. Kwenye mji nisioujua, sina viza ya kutoka nje ya uwanja. Kiyoyozi kinavuma kama upo kwenye jokofu la samaki. Bahati nilikuwa na doti ya kanga. Upande mmoja nikautandika kwenye zulia nyuma ya viti, wa pili nikajifunika mpaka kichwani. Nilifika Guangzhou miguu imevimba, viatu haviingii. Siku ya kwanza nzima sikwenda sokoni, nililala hotelini pale Xiaobei.

Tangu hapo nikipewa bei ya tiketi nauliza kwanza: tangu natoka Dar mpaka natua kule, jumla muda gani? Wapo mawakala hawapendi hilo swali.

Mpwani Halisi

Asante dada yangu, umenipa kazi nikaifanya jana usiku. Nilitaka kujua kama kuunganisha ndege kunarefusha njia sana. Nimepima tena.

Kupitia Addis Ababa: Dar hadi Addis ni kama kilomita 1,760, Addis hadi Guangzhou 8,040. Jumla 9,800. Kupitia Dubai: 3,980 kujumlisha 5,830, ni 9,800 hiyohiyo, jambo lililonishangaza. Doha inazidi kidogo, inafika 10,000. Nairobi ndiyo fupi kuliko zote, kama 9,340.

Maana yake njia inaongezeka kilomita elfu moja tu hivi. Kwa mwendo wa ndege hiyo ni saa moja na dakika chache, weka nyingine ya kupaa na kutua mara ya pili. Angani jumla inakuwa kama saa 13. Zile 20 au 27 unazoziona kwenye tiketi si za anga, ni za kwenye zulia na kanga kama ulivyosema. Ukiwa na tiketi mbili mkononi, usilinganishe miji zinakopitia. Linganisha saa za kusubiri.

Chuma Chakavu

Mkuu, mimi bado sijakubali huo uzi wako. Ramani iliyo ukutani ofisini kwetu, nikiweka rula Dar na Guangzhou, mstari unapita kusini zaidi, unagusa ncha tu ya India, Chennai siifikii. Rula hainyooki?

Mpwani Halisi

Rula imenyooka ndugu yangu, ramani ndiyo iliyonyooshwa. Chukua chungwa, limenye ganda kisha jaribu kulilaza mezani bila kulichana: haliwezekani. Aliyechora hiyo ramani ilibidi avute sehemu za mbali na ikweta ziwe pana kuliko zilivyo. Ndiyo maana njia fupi kabisa ya duniani ikiwekwa kwenye karatasi inaonekana imepinda kwenda juu. Kwa Dar na Guangzhou mkunjo ni mdogo kwa kuwa hatuko mbali na ikweta. Jaribu na miji ya kaskazini, Tokyo na London, utaona uzi unakwea hadi karibu na barafu.

Kama una mtoto wa shule nyumbani azima tufe lake. Dakika tano tu, utaona mwenyewe.

Mtu wa Lami

Nafanya kazi uwanjani, upande wa nje. Niongeze mawili.

La kwanza: muda ulioandikwa kwenye tiketi si wa kuruka na kutua. Unaanza ndege inapoondolewa vile vizuizi tunavyoweka mbele na nyuma ya matairi, na unaishia inapowekewa vingine kule ilikofika. Katikati kuna kusukumwa nyuma, kutembea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, na kusubiri zamu. Siku yenye ndege nyingi hiyo peke yake hula nusu saa. Na mashirika huweka akiba kidogo humo, ndiyo maana rubani anaweza kuchelewa kuondoka na bado akafika kwa wakati.

La pili ni upepo. Mleta uzi ametoa mfano wa kwenda saa 10 na dakika 40 na kurudi saa 11 na nusu bila kusema sababu. Sababu ni upepo wa juu. Kule mita 11,000 au 12,000, hasa kati ya Desemba na Machi, kuna mkondo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, unapita kaskazini mwa India na kusini mwa China. Ukienda unakusukuma, ukirudi unapambana nao. Mtambo wa kupanga safari husogeza njia kuufuata au kuukwepa. Kwa hiyo ukiona kwenye kile kioo cha mbele ya kiti chako kwamba ndege haiko juu ya Chennai kama uzi ulivyosema, usidhani rubani kapotea.

Nahodha Mstaafu

Wanangu, nimesoma kwa furaha. Mimi nimezaliwa Mafia na nimefanya kazi ya majahazi kabla ya wengi wenu kuzaliwa. Hili la upepo wa juu nilikuwa silijui, nataka kumwuliza kijana wa uwanjani. Sisi chini tulikuwa na kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi, ndiyo iliyoleta vyombo vya Uarabuni na India kwetu. Kisha kusi kuanzia Aprili ikavirudisha. Katikati ya kusi bahari inachafuka mno, kwa hiyo wengi walisubiri demani, Agosti na Septemba. Safari moja ya kwenda na kurudi ilikula mwaka. Sasa je, huko juu nako pepo zinageuka, au ni huo wa magharibi daima?

Mtu wa Lami

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza swali zuri kuliko yote humu.

Zinageuka. Kuanzia Juni hadi Septemba, juu ya kusini mwa India unatokea mkondo mwingine unaotoka mashariki kwenda magharibi. Yaani wakati huohuo ambao kusi inawasukuma nyinyi chini kwenda India, juu ya vichwa vyenu, kama kilomita 12 hadi 15, upepo unavuma kinyume. Ni mfumo mmoja: hewa inakwenda chini kuelekea bara la Asia lililopata joto, inapanda na mvua, inarudi juu. Ndege ya kwenda Guangzhou mwezi Julai inaweza kukutana nao. Kwa lugha yenu, jahazi lina upepo wa tezi, wa nyuma, na ndege ina upepo wa omo, wa mbele, siku moja, juu ya maji yaleyale.

Nahodha Mstaafu

Marahaba. Mungu akupe maisha marefu. Miaka yote ile nimetazama mawingu ya juu yakienda kinyume na tanga langu, na marehemu baba aliniambia niyaache, si yetu.

Binti Kisutu

Samahani wakuu, nina swali linalonihusu. Mwaka jana nilisafiri kwenda huko ndani ya Ramadhani, mchana, nimefunga. Jua lilizama mapema sana, nikaogopa kula kwa sababu saa yangu ya mkononi ilikuwa bado inasoma saa kumi na moja na robo. Nilikaa na tende mkononi. Je, hesabu inaelezaje?

Mpwani Halisi

Dada, upande wa hukumu nawaachia masheikh, ingawa wengi nimewasikia wakisema unafuata jua unaloliona mahali ulipo. Upande wa hesabu jibu ni hili. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa. Ndege yako kwa njia hii inakwenda mashariki kama digrii 7 kwa saa, kulikabili giza. Kwa hiyo usiku unakujia kwa kasi ya digrii 22 badala ya 15. Kama uliondoka saa tisa mchana na Dar magharibi ni saa kumi na mbili na nusu, zile saa tatu na nusu zilizobaki zinabanwa zinakuwa kama mbili na dakika ishirini hivi. Jua linakuzamia saa moja na dakika chache kabla ya la nyumbani. Saa yako ya mkononi ilikuwa inasoma Dar, na wewe ulishaiacha Dar mbali nyuma.

Ukirudi mchana ndiyo mtihani, maana unalikimbiza jua na siku inarefuka.

Binti Kisutu

Alhamdulillah, nimeelewa. Ile tende niliila baada ya mzee mmoja wa kiti cha jirani kunionyesha dirisha. Nje ilikuwa giza kabisa upande wa mbele, na nyuma bado kuna mstari mwekundu.

Mswahili wa GZ

Nipo Guangzhou nasoma, mwaka wa tatu. Nichangie ya huku.

China yote inatumia saa moja, kuanzia huku mpaka mipakani na Pakistan, kwa hiyo mkishuka Guangzhou kisha mkaunganisha kwenda Yiwu au Urumqi msibadilishe tena. Simu ikipata mtandao inajibadilisha yenyewe, ila ile saa ya ukutani iliyo kichwani haibadiliki. Siku tatu za kwanza mtashangaa mko macho saa nane usiku na usingizi unawabana mchana sokoni. Mkija kwa maonyesho ya bidhaa ya Canton, ya Aprili au ya Oktoba, fikeni siku mbili kabla. Nimeona wafanyabiashara wetu wanasaini mikataba ya oda macho yakiwa yanafumba.

Pia uwanja wa Baiyun uko kaskazini mwa jiji, kama kilomita 28. Ukihesabu uhamiaji, mizigo na treni ya chini ya ardhi, weka saa mbili toka mnatua mpaka mnaweka begi hotelini. Jumlisha na zile tatu za kuwahi uwanjani Dar.

Na jamani, ndugu zetu mnaotupigia: mama yangu anamaliza kuswali Isha, saa mbili na nusu, ananipigia kunisalimia. Huku ni saa saba na nusu usiku. Napokea, siwezi kumwacha mama. Lakini kama mna mtu huku, mpigieni saa tisa alasiri ya Dar. Huku inakuwa saa mbili usiku, mtu amekula na yuko chumbani.

Mama Mapazia

Umesema kweli mwanangu. Mimi mume wangu alikuwa ananipigia alfajiri yetu kuniuliza nimeamka, na mimi nipo katikati ya soko napima vitambaa.

Mleta uzi, naomba utuwekee kwa maneno machache namna ya kumwandikia mzazi safari yake. Ninaye dada yangu anakwenda Januari.

Mpwani Halisi

Dada, mimi nimeandika kwenye kadibodi ya boksi la viatu, kwa kalamu ya wino mzito, nikaibandika kwenye mlango wa jokofu la mama mdogo. Sikuandika muda wa ndege juu, niliandika muda wa kutoka nyumbani, kwa sababu huo ndio anaouhitaji:

"JUMAPILI. Kula chakula cha jioni mapema. Toka nyumbani saa 2 usiku, JUMAPILI HIYOHIYO. Ndege inaruka saa 6:40 usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Tiketi imeandikwa JUMATATU 00:40, usishtuke, ni hiyohiyo."

Kugeuza saa za tiketi ni rahisi: zikianza na 07 na kuendelea, toa 6; 06 yenyewe ni saa 12 asubuhi. 14:20 ni saa 8:20 mchana. 20:00 toa 6 ni 14, inazidi 12, toa 12, ni saa 2 usiku. Zikianza na 00 mpaka 05, jumlisha 6, halafu simama hapohapo ujiulize ni usiku wa kuamkia siku gani. Usiendelee na kitu kingine mpaka umelijibu hilo kwa sauti mbele ya mtu mwingine.

Chuma Chakavu

Mkuu, nimeazima tufe kwa jirani. Dogo wao na mimi tumepima, tumepata sentimita 20 na nusu kama wewe. Uzi umepita Kerala, ukatokea Chennai.

Mpwani Halisi

MREJESHO

Wakuu, mama mdogo amesafiri jana. Jumapili saa kumi na moja jioni nilimkuta ameshavaa, begi liko barazani, kadibodi ameing'oa kwenye jokofu ameishika mkononi. Tuliwahi mno, tukakaa nje ya Teminali 3 tukinywa chai ya chupa aliyotoka nayo nyumbani. Yule dada wa mlangoni hakuwa zamu, mama alimtafuta ili amsalimie.

Leo alasiri simu imeita. Ameshapita uhamiaji anasubiri begi. Aliniuliza kitu kimoja: "Huko ni saa ngapi?" Kabla sijajibu akasema mwenyewe, "Usiniambie. Huku ni saa tatu na robo usiku. Huko ni saa kumi na robo, mwanangu, na hujala."

Ni kweli nilikuwa sijala.